Mirungi Isiyo na Kijani: Kutazama Faya Dayi Nikiwa Nansio

Dakika kumi hazijaisha, binamu yangu akauliza: "Kaka, TV imekufa rangi?"

Nikamwambia hapana, filamu yenyewe ndiyo iko hivyo, nyeusi na nyeupe mwanzo mpaka mwisho. Akafikiri kidogo. "Ya zamani?" Hapana, ya 2021. "Sasa rangi wametoa ya nini?"

Swali hilo nimerudi nalo Mwanza, na ndilo limenifanya niandike. Walioiandikia Faya Dayi wengi wameisifu kwa uzuri wa picha zake, na mimi nilikuwa nimeshajiunga nao kichwani kabla ya jioni ile. Nilishaitazama mara moja, peke yangu, na earphone masikioni, usiku. Ilinisumbua, nikaipenda, nikalala. Kuitazama mara ya pili sebuleni kwa shangazi yangu, Nansio, na watu ambao hawana deni lolote kwa sinema ya sanaa, kulinionyesha kwamba nilikuwa nimeipenda bila kujua kwa nini.

Kwanza filamu yenyewe. Faya Dayi imeongozwa na Jessica Beshir, aliyezaliwa Mexico na kukulia Harar, mashariki mwa Ethiopia. Akiwa bado binti aliondoka Harar na familia yake kwa sababu ya misukosuko ya kisiasa. Miaka mingi baadaye alirudi kumwona bibi yake, akakuta mashamba aliyoyajua utotoni yamebadilika. Mazao ya chakula na kahawa yamepisha mirungi. Akaanza kupiga picha, kamera akiishika zaidi mwenyewe, na kazi ikamchukua takriban miaka kumi. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance Januari 2021, na mwaka huohuo ikapata tuzo kuu ya tamasha la Visions du Réel kule Uswisi. Ina urefu wa saa mbili. Kwenye orodha utaikuta imewekwa kwenye kundi la dokumentari, lakini ukiingia ukitegemea takwimu, ramani na mtaalamu aliyekaa mbele ya rafu ya vitabu, utatoka patupu.

Hakuna msimulizi wa kukushika mkono. Unaona uso wa mtu, unasikia sauti, halafu unagundua kwamba sauti si ya uso ule. Moshi wa ubani unapita mbele ya mwanga. Mtu amelala, au anaswali, au yumo ndani ya stimu ya majani, na kamera haikuambii ni lipi kati ya hayo. Mchana na usiku vinafanana. Unaanza kujiuliza kama unayemwona ni mtu wa leo au ni mmoja wa watu wa hekaya, kwa sababu hekaya nayo imo. Ni ya Sufi aliyetumwa kutafuta maa'ul hayat, maji ya uhai. Sikio la Mswahili halihitaji mkalimani hapo. Katika safari hiyo ya kutafuta uzima wa milele ndipo yanapoingia majani.

Basi hebu turudi sebuleni. Filamu inazungumzwa Kiamhari, Kiharari na Kioromo, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Shangazi yangu hasomi Kiingereza, binamu anasoma polepole. Nikajipa kazi ya kutafsiri kwa sauti.

Wengi wetu tuliokua kanda hii sinema tumeijua kwa njia hiyo. Kibanda umiza, benchi la mbao, na sauti ya mtafsiri juu ya filamu ya Kichina au ya Kihindi. Lufufu alikuwa mfalme wa kazi hiyo. Hakutafsiri tu, alitia chumvi, alimchongea adui, alikuambia nani mwema kabla mwema mwenyewe hajajua. Kwa hiyo nikafanya kama Lufufu. "Huyu kijana baba yake mlaji wa mirungi, akikosa anakuwa mkali." "Hawa wanazungumzia safari." "Hapa ni yule Sufi wa zamani."

Haikufanya kazi. Kila nilipoeleza picha, picha ilikufa. Nilikuwa nasema "hapa ni yule Sufi" wakati filamu imefanya juhudi kubwa nisiwe na uhakika kama ni yeye. Nilikuwa nawagawia uhakika ambao mwongozaji kwa makusudi hakuugawa. Baada ya nusu saa shangazi akasema, kwa upole wake wote, "Baba, acha tuone."

Nikaacha.

Kilichofuata kilinishangaza. Kuna sehemu ndefu ya watu wakichambua na kufunga mirungi usiku: mikono mingi, vifungu, mwanga wa taa, haraka isiyo na kelele. Mirungi lazima iwahi. Baada ya siku mbili hivi tangu kukatwa inapoteza nguvu yake, na haina tena bei. Mimi mara ya kwanza sehemu ile niliiona kama mashairi. Shangazi, ambaye asubuhi ile alikuwa ufukweni akianika dagaa, aliitazama kwa makini ya mtu wa kazi. Akasema: "Hawa vibarua. Angalia yule wa pembeni, kachoka huyo." Sikuwa nimemwona wa pembeni. Niliwaona kama kundi la mikono mizuri kwenye mwanga mzuri. Yeye alimwona mfanyakazi mmoja ambaye mgongo unamuuma.

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa swali la rangi.

Mirungi ni kijani. Thamani yake yote iko kwenye ukijani huo: likinyauka, likageuka kahawia, mteja anakataa. Biashara nzima ya mashariki mwa Ethiopia, kama ile ya Meru kule Kenya, ni mbio za kuuwahi ukijani usife. Hata sisi ambao sheria yetu inaihesabu mirungi kuwa dawa ya kulevya, tunaijua kwa rangi hiyo. Habari inapoandikwa kuhusu mashamba yaliyoteketezwa huko Same, picha inayowekwa ni ya marobota ya kijani mbele ya askari. Jani ndilo nyota wa picha, na watu wamesimama nyuma yake kama vivuli.

Beshir amechukua zao ambalo thamani yake ni rangi, akaiondoa rangi. Jani likabaki jani tu, kijivu kati ya vitu vya kijivu. Huwezi kulitamani wala kuliogopa. Jicho linakosa kitu cha kununua, basi linahamia kwingine: kwenye mkono, kwenye kope zilizolegea, kwenye mtoto anayemtazama baba yake kuona leo ameamka na hali gani. Sisemi kwamba mwongozaji alikaa akapanga hivyo. Sijui moyo wake. Nasema hicho ndicho kinachotokea kwa mtazamaji, na kilitokea mbele yangu kwa mwanamke ambaye maisha yake yote hajawahi kutafuna hata kijiti kimoja.

Sasa, kuna wasomaji watakaosema: hizi filamu za kindoto si zetu, ni mambo ya matamasha ya Ulaya. Nawaomba wakumbuke niko wapi ninapoyaandika haya kwa moyo. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwani hapahapa Ukerewe, mwaka 1944. Mtu huyo alituandikia Rosa Mistika na Kichwamaji, riwaya ambazo unaweza kumsimulia mtu kwenye kivuko kutoka Kisorya mpaka Rugezi, na bado ukabaki na muda wa kubishana. Halafu mwaka 1990 akatoa Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile, na wasomaji wake wengi wakashika vichwa. Nani anazungumza? Tuko wapi? Huyu amekufa au yu hai? Msimulizi anakwenda, lakini njia haina ramani, na wanafalsafa wa mbali wanatokea kana kwamba ni majirani.

Mimi Nagona niliisoma chuoni kwa hasira. Niliisoma kama fumbo lenye jibu nyuma ya kitabu, na mwalimu alipokosa kutupa jibu nikaona tumepunjwa. Miaka kumi baadaye niliisoma tena na kuelewa kwamba hasira yangu ilikuwa ya mtu aliyezoea mtafsiri wa kibanda umiza. Nilitaka sauti ya kuniambia nani mwema. Kezilahabi aliondoa sauti hiyo kama Beshir alivyoondoa rangi, na kwa sababu inayokaribiana. Alituondolea kile tulichokizoea ili tusiendelee kusoma kwa mazoea. Kwa hiyo mtu asituambie ndoto isiyofasiriwa ni mzigo wa kigeni. Bingwa wake mkubwa kwa Kiswahili ametoka kwenye mchanga huu.

Tofauti yao nayo isemwe. Nagona inafikiri; ukiifunga kitabu unabaki na maswali juu ya ukweli na maarifa. Faya Dayi haifikiri kwa namna hiyo. Inakungojesha. Watu wake wengi wanangoja: wanangoja majani yakolee, wanangoja malori, wanangoja fedha za safari, wanangoja simu ya aliyeondoka. Na wewe mtazamaji unawekwa kwenye kungoja huko kwa saa mbili. Wakati mwingine nilihisi filamu inanifanyia mimi kile ambacho mirungi inawafanyia wao. Muda unalegea, mawazo yanakwenda mbali, na mwili haujasogea kwenye kiti. Hilo ndilo linalotisha. Hakuna damu wala jini, lakini baada ya saa moja hivi unajikuta umeridhika kutokwenda popote, halafu unashtuka kwamba umeridhika.

Kisha linakuja ziwa.

Karibu na Harar kulikuwa na ziwa linaloitwa Haramaya, lililokuwa likinywesha mji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikauka. Sababu zilikutana pamoja: maji yalivutwa kwa pampu kumwagilia mashamba, ya mirungi yakiwemo, watu wa mijini waliongezeka na kuhitaji maji zaidi, udongo wa vilima vilivyopoteza miti ukateremka na kujaa ziwani. Katika filamu, ziwa hili linazungumzwa kama marehemu. Watu wanalikumbuka, wanaliombolezea, na picha zinaendelea kutiririka bila kukuonyesha mchoro wa "kabla" na "baada".

Sehemu hiyo nilivunja ukimya wangu. Nilimwambia shangazi, kwa sauti ya chini: "Wanasema hapo palikuwa na ziwa."

Hakujibu. Nyumba yake ina mlango unaotazama maji. Ukikaa kwenye kochi lile, televisheni iko kushoto na Ziwa Victoria liko kulia. Alilitazama la kulia. Baadaye akasema anaikumbuka 2006, maji yaliporudi nyuma mpaka mitumbwi ikawa inaburutwa kwenye matope, na wazee wakawa wanasema mambo ya ajabu. Anaikumbuka pia 2020, maji yalipopanda mpaka yakaingia kwenye vibanda vya kuanikia. Ziwa letu halijatuacha, lakini hatuwezi kusema halijawahi kututisha. Tena lina namna yake nyingine ya kuchukua. Kisiwani hapa hakuna asiyekumbuka Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuondoka na zaidi ya watu 200.

Nilikuwa nimelisikia ziwa la Haramaya mara ya kwanza kama habari ya mazingira. Nansio nililisikia kama taarifa ya msiba. Na hapo ndipo hekaya ya Sufi ilipogeuka kwangu kuwa kitu kizito. Katika nchi hiyo mtu alitumwa kutafuta maji ya uhai, na jani likaingia kwenye simulizi. Vizazi baadaye, maji halisi yamekunywewa na mashamba, ya jani lile yakiwemo. Filamu haitamki hivyo hata mara moja. Inaweka hekaya hapa, ziwa pale, mkono wa kibarua katikati, na kukuachia.

Sasa nina ugomvi nayo, na nisipousema nitakuwa muongo.

Mwanza tunajua maana ya kupigwa picha na watu wa nje. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, ile ambayo wengi tuliijua kwa jina la filamu ya mapanki. Sangara wanapanda ndege kwenda Ulaya, watu wa mwambao wanabaki na mifupa. Ilifika mpaka kwenye uteuzi wa Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete akailaumu hadharani. Mengi yamesemwa juu ya ukweli na uongo wa filamu ile, siyarudii. Ninachotaka kusema ni kwamba Sauper alikuja na mashtaka na kuwatafutia mashahidi. Watu wa mji wangu kwenye filamu ile wanakaribia kuwa vielelezo vya kesi.

Beshir hana kesi. Amekaa na watu wake miaka kumi, na inaonekana: hakuna anayeonekana kama ameshtukiziwa na kamera. Lakini kukosa kesi nako kuna gharama. Katika miaka ileile aliyokuwa akipiga picha, Waoromo waliandamana kwa nguvu, watu wakauawa na wengine wakafungwa. Ndani ya filamu mambo hayo yanapita kama mnong'ono. Anayeyajua atauokota. Asiyeyajua, na sebuleni kwetu walikuwa wawili kati ya watatu, atadhani vijana hawa wanataka kuondoka kwa sababu ya majani na ukata peke yake, kana kwamba hakuna serikali wala bunduki. Unapoondoa rangi ili tumwone mtu badala ya bidhaa, unafanya jambo kubwa. Ukimwondolea mtu huyo na polisi wake pia, unamwacha akielea. Mateso yakishakuwa mazuri sana kwenye mwanga, mtazamaji wa mbali anaweza kuyafurahia bila kudaiwa chochote. Mimi nilidaiwa baada tu ya shangazi kunionyesha yule wa pembeni.

Kwa hiyo jibu langu kwa binamu ni la nusu. Rangi wametoa ili tusitazame jani. Tukitazama kizembe tutaangalia mwanga badala yake, na watu watabaki tena nyuma.

Binamu mwenyewe hakuwa mzembe. Ana miaka ishirini na mbili. Amefanya dagaa misimu mitatu, ameacha kwa sababu mafuta na matengenezo vinameza kila anachopata, na tangu mwaka jana kila akinipigia simu anaulizia ndugu na jamaa walioko Muscat. Filamu ilipofika kwenye mazungumzo ya vijana kuhusu kuondoka, kupita jangwani, kuvuka bahari, na wale waliokwenda na hawakupiga simu tena, aliweka simu yake chini. Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile.

"Huyu dogo ataondoka?" akauliza.

Nikamwambia atazame. Mwisho siusemi hata hapa, ingawa si filamu ya kuharibika kwa kuambiwa mwisho. Ilipoisha alitoka nje bila kusema neno, nikamsikia anaongea na mtu kwenye simu, sauti ya chini, muda mrefu. Sijamuuliza alikuwa nani. Nilipanda meli kesho yake.

Nikiulizwa kama mtu aitazame, nitasema ndiyo, lakini si kwa njia niliyoianza mimi. Usiitazame peke yako na earphone. Itazame na mtu anayeijua kazi ya mikono, na mtu mmoja anayefikiria kuondoka. Usiwatafsirie kila kitu. Watakaposema ni ndefu, wakubalie, maana ni ndefu. Kuna dakika ishirini hivi katikati ambazo hata mimi ningezipunguza.

Shangazi hakusema kama aliipenda. Aliinuka kuangalia sufuria jikoni, akarudi, akasimama nyuma ya kochi mkono kiunoni.

"Ile ya ziwa," akasema. "Irudishe."

Nikairudisha. Akaitazama akiwa amesimama, bila mimi kutafsiri hata neno, kisha akaniambia niirudishe tena.